Nyumba Isiyo na Jina la Msanifu: Vingunguti katika Historia ya Usanifu Majengo wa Dar es Salaam, 1914–2024

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna historia ya usanifu majengo wa Dar es Salaam inavyoamua jengo lipi lihesabiwe kuwa kazi ya sanaa na lipi liachwe nje ya orodha. Eneo la mfano ni Vingunguti, kata ya Wilaya ya Ilala iliyopakana na majengo mawili mashuhuri ya kipindi cha baada ya uhuru: Stesheni ya TAZARA na Jengo la Pili la Abiria la uwanja wa ndege. Makala inadai kuwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ambayo haina msanifu anayetajwa wala siku ya uzinduzi, ni kazi ya usanifu yenye kanuni, historia na mafundi wake. Kuachwa kwake nje ya orodha kumetokana zaidi na vigezo vya sheria na vya kitaaluma kuliko na ubora wa nyumba yenyewe.

1.0 Utangulizi

Msafiri anayetoka katikati ya jiji kwa Barabara ya Nyerere, ambayo wakazi wa siku nyingi bado huiita Barabara ya Pugu, hupita kwanza mbele ya Stesheni ya TAZARA, kisha hufika uwanja wa ndege. Kati ya majengo hayo mawili, upande wa kulia, iko Vingunguti. Kata hii inafahamika kwa machinjio yake, kwa viwanda vilivyo kando ya barabara na kwa mabwawa ya majitaka. Upande wa kaskazini, bonde la Mto Msimbazi ndilo linaloiwekea mpaka. Ni nadra jina la Vingunguti kutajwa panapozungumzwa sanaa.

Stesheni na jengo la abiria, kwa upande mwingine, vina nafasi katika maandishi ya usanifu wa Afrika baada ya ukoloni. Vina michoro, vina tarehe na vina wenyewe. Mtafiti anayetaka kuviandikia ana pa kuanzia. Nyumba zilizo kati yake, ambamo maelfu ya watu wamezaliwa na kuzikwa tangu uhuru, zimeandikwa zaidi na wataalamu wa mipango miji, nao wameziandika kama tatizo: makazi holela, msongamano, ukosefu wa huduma. Tatizo hilo ni la kweli, na makala hii hailikanushi. Swali linaloulizwa hapa ni jingine: je, jengo likishaitwa tatizo, linaacha kuwa kazi ya mikono na akili ya watu?

2.0 Mpaka wa Mwaka 1863

Kabla ya kuingia Vingunguti, inafaa kutazama chombo rasmi kinachotenganisha jengo la urithi na jengo la kawaida. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ililipa ulinzi wa moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baada ya hapo hulindwa endapo Waziri mwenye dhamana atalitangaza. Sheria hiyohiyo ilizikumbuka pia milango ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940.

Athari ya mpaka huo kwa Dar es Salaam ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mji huu ulianza kujengwa na Sultani Majid bin Said katika miaka ya 1860. Hata Boma la Kale, linalotajwa miongoni mwa majengo ya kwanza kabisa ya mji na ambalo ujenzi wake huwekwa karibu na mwaka 1867, liko upande wa pili wa mpaka. Kwa maneno mengine, sheria ilipokuwa ikiandikwa, karibu jiji zima lilikuwa changa mno machoni pake. Kila jengo la Dar es Salaam lililopata ulinzi lilihitaji kutetewa kwa jina lake, na kutetewa huko kulihitaji mtu wa kulijua, kulipima na kuliandika.

Ndipo panapojitokeza upendeleo usiokusudiwa. Jengo lenye msanifu anayejulikana lina kumbukumbu, na jengo lenye kumbukumbu lina mtetezi. Mlango wa nakshi wa mwaka 1930 unatambuliwa na sheria; nyumba ambamo mlango huo umetiwa, ikiwa ni ya udongo na fito, haitambuliwi. Kipande kinaweza kuokolewa na kizima kikapotea.

3.0 Milango Miwili ya Taifa

Stesheni ya TAZARA ilijengwa ndani ya mradi wa reli ya Uhuru, ambao ujenzi wake ulifanyika kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba kutoka China, na reli ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Njia ina urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Lengo lake la kisiasa lilikuwa kuipatia Zambia njia ya baharini isiyopita katika nchi zilizotawaliwa na walowezi wachache. Jengo la stesheni linalisema lengo hilo kwa lugha ya zege: sura yake ni pana na yenye ulinganifu, ukumbi wake wa abiria una dari ya juu, na uwanja ulioachwa mbele yake unamlazimisha anayekuja kulitazama kutoka mbali. Ni jengo lililokusudiwa kuonekana.

Jengo la Pili la Abiria lilifunguliwa mwaka 1984. Msanifu wake, Paul Andreu wa Ufaransa, alikuwa tayari amepata sifa kwa jengo la kwanza la uwanja wa Charles de Gaulle jijini Paris, lililofunguliwa mwaka 1974. Dar es Salaam hakuleta duara la zege kama la Paris. Alipanga mfululizo wa mapaa madogo yanayobebwa na nguzo zinazotanuka kwenda juu kama miti, hivyo abiria akawa kama aliye chini ya kivuli cha shamba. Wazo la kivuli halikuwa geni jijini. Beda Amuli, anayetajwa kuwa msanifu majengo wa kwanza Mwafrika katika Afrika Mashariki, alikuwa amelitumia katika Soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, kwa miavuli mikubwa ya zege inayofunika ukumbi wa biashara.

Kazi hizi tatu zinastahili sifa zinazopewa. Zinaonesha jinsi taifa changa lilivyotaka kujitambulisha kwa mgeni anayeingia na kwa mwananchi anayenunua mchicha. Hata hivyo, zina sifa moja inayozitenganisha na majengo mengi yaliyozizunguka: kila moja ilianza kwenye karatasi, ikalipiwa na fedha za umma au mkopo, na ikazinduliwa. Historia ikizichukua sifa hizi tatu kuwa ndizo kipimo cha kazi ya usanifu, basi itakuwa imeandika historia ya mamlaka ya kujenga, na itakuwa imeacha nje historia ya ujenzi.

4.0 Nyumba ya Vyumba Sita: Kutoka Kariakoo hadi Vingunguti

Nyumba ya Kiswahili ina ramani inayoweza kuelezwa kwa sentensi chache, na wepesi huo ndio nguvu yake. Mbele kuna baraza. Baada ya mlango mkuu kuna ukumbi mwembamba unaopita katikati ya nyumba hadi nyuma. Kila upande wa ukumbi kuna vyumba vitatu. Ukumbi unatokea uani, ambako kuna jiko, choo na pengine stoo au vyumba vya nyongeza. Hewa huingia mbele na kutokea nyuma. Mgeni wa kawaida huishia barazani, jamaa hufika ukumbini, na ua ni wa wenye nyumba, hasa wanawake.

Ramani hii ina undugu na nyumba za miji ya mwambao na za Ng'ambo ya Unguja. Dar es Salaam iliikuza na kuifanya ya mjini kwa maana mpya. Kanuni za ujenzi za utawala wa Wajerumani za mwaka 1914 ziliugawa mji katika kanda tatu kwa vigezo vya majengo, na kwa kufanya hivyo ziliugawa kwa rangi za watu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Waingereza waliendeleza mgawanyo huo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kati ya Uhindini na Kariakoo. Katika viwanja vya Kariakoo, vilivyopangwa kwa mistari iliyonyooka, nyumba ya vyumba sita ilipata mahali pa kujirudia mtaa hadi mtaa. Baadaye ilikwenda Ilala, kisha Buguruni, na kwa kufuata barabara, reli ya kati na viwanda ikafika Vingunguti.

Safari hiyo iliambatana na badiliko la msingi. Kariakoo kiwanja kilipimwa na serikali. Vingunguti, mara nyingi, kiwanja kilitokana na shamba lililokatwakatwa na kuuzwa kwa vipande, na mauziano yakashuhudiwa na majirani pamoja na mjumbe wa nyumba kumi. Mjenzi hakupewa mstari wa kufuata. Hata hivyo alijenga nyumba yenye mstari: mlango, ukumbi na ua vilivyonyooka. Ramani ambayo mji wa kikoloni uliipokea ndani ya viwanja vyake ilibaki thabiti hata pale ambapo hapakuwa na viwanja. Hiyo ni dalili kwamba kanuni yake ilikuwa ndani ya mafundi wenyewe na haikutegemea ofisi ya ramani.

Nyumba hii pia ilijibu swali la uchumi. Chumba kimoja kinaweza kuwa makazi ya familia moja. Mwenye nyumba akakaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Kijana aliyetoka mkoani kufanya kazi kiwandani alipata mahali pa kuanzia maisha bila mkopo wa benki, na mwenye nyumba, ambaye mara nyingi alikuwa mjane au mstaafu, alipata kipato cha uzeeni. Ujenzi ulikwenda kwa hatua: msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, lenta na kenchi fedha zikipatikana, kisha kuezeka, na ripu mwisho. Nyumba iliyoonekana haijakamilika ilikuwa, kwa kweli, akiba iliyowekwa katika matofali.

5.0 Serikali Ilipoiga Nyumba ya Wananchi

Ushahidi mkubwa kwamba nyumba ya Kiswahili ni wazo la usanifu unatoka kwa serikali yenyewe. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilipewa jukumu la kuondoa nyumba mbovu za udongo na kuweka za kudumu. Katika maeneo kama Magomeni, shirika lilibomoa kuta za udongo na kusimamisha za matofali ya saruji. Ramani haikubadilika sana. Vyumba viliendelea kupangwa pande mbili za ukumbi, na ua ukabaki nyuma. Wataalamu walikuwa na uhuru wa kuleta mchoro wowote, lakini waliona kwamba mchoro uliokuwapo ulijua kazi yake.

Unguja ilichukua njia tofauti katika miaka hiyohiyo. Katika utawala wa Sheikh Abeid Amani Karume, na kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, majumba marefu ya ghorofa ya Michenzani yalianza kupita katikati ya Ng'ambo, mahali palipokuwa na nyumba za chini. Dhamira ilikuwa ya haki: kumpa mwananchi maji, umeme na choo ndani ya nyumba. Lakini baraza na ua, vyombo viwili vya ujirani wa mwambao, havikupata nafasi yake ya zamani katika ghorofa. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ng'ambo, iliyokuwa makazi ya walio wengi, ilibaki nje ya eneo hilo.

Mifano hii miwili ikiwekwa pamoja inafundisha jambo moja. Magomeni, kazi isiyo na jina iliigwa bila kutajwa. Michenzani, iliondolewa bila kurekodiwa vya kutosha. Katika hali zote mbili mjenzi wa kwanza hakuonekana kuwa mtu wa kuulizwa.

6.0 Bati, Saruji na Suala la Jina

Inaweza kupingwa kwamba nyumba zinazofanana ni aina tu, na kwamba aina si kazi ya sanaa. Pingamizi hili lina uzito, lakini fasihi ya Kiswahili yenyewe imekwisha kulijibu. Mtunzi wa utenzi hurithi bahari, mizani na mpangilio wa vina, hakuvibuni. Hakuna mhakiki anayesema kwamba kwa sababu hiyo utenzi wake si kazi. Ubora hupimwa kwa namna mtunzi anavyotembea ndani ya kanuni. Fundi mwashi wa Vingunguti naye hurithi vyumba sita na ukumbi. Uamuzi wake uko kwingine: baraza liinuke kiasi gani ili maji ya mvua yasiingie, matofali ya nakshi ya kupitisha hewa yakae wapi, paa limwage maji upande gani ili lisimgombanishe mwenye nyumba na jirani, na mlango uelekee wapi pale ambapo njia haikunyooka.

Vifaa vyake pia vina historia. Kiwanda cha mabati cha ALAF kilianzishwa mwaka 1960 kando ya Barabara ya Pugu, na kiwanda cha saruji cha Wazo kilianza uzalishaji mwaka 1966. Makuti yakaachia nafasi bati, na fito zikaachia tofali. Bati lilileta joto na kelele wakati wa mvua, lakini lilipunguza hatari ya moto na kazi ya kuezeka upya kila baada ya miaka michache. Hivyo kiwanda kilicho kando ya barabara na nyumba iliyo nyuma yake ni sura mbili za historia moja ya viwanda vya Tanzania.

Ulinganisho na uchoraji unasaidia kuonesha namna kazi ya pembezoni inavyoweza kuingia katika kumbukumbu. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyekuja Dar es Salaam kutafuta kazi, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960. Alitumia vifaa vya ujenzi na vya gereji: vipande vya hadibodi na rangi ya mafuta. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka michache tu ya uchoraji. Wanafunzi na jamaa zake waliuendeleza mtindo huo, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Leo mtindo huo unachorwa na wengi, unafuata kanuni zinazorithiwa, na bado unaheshimiwa kuwa sanaa. Tofauti yake na nyumba ya Vingunguti haiko katika vifaa wala katika kurudiarudia umbo. Mtindo wa uchoraji ulipata jina la mtu. Nyumba haikupata.

7.0 Kinachoondoka

Suala hili si la nadharia pekee, kwa kuwa ushoroba wa Barabara ya Pugu unabadilika kwa kasi. Upanuzi wa uwanja wa ndege uliwahamisha wakazi wa Kipawa, jirani na Vingunguti, na Jengo la Tatu la Abiria likazinduliwa Agosti 2019. Katika makutano ya TAZARA, Daraja la Juu la Mfugale lilifunguliwa Septemba 2018. Reli ya kisasa, ambayo treni zake za abiria zilianza safari za Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024, inafuata ushoroba wa reli ya kati iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905. Bonde la Msimbazi nalo limedai nafasi yake: mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwafanya wakazi wengi wa mabondeni jijini wahamishwe.

Itakuwa kosa kuandika kana kwamba kila nyumba ya Vingunguti ingefaa kubaki. Vyoo vya shimo katika ardhi yenye maji ya karibu, vichochoro visivyopitisha gari la zimamoto na kuta zinazoliwa na mto ni hatari kwa uhai, na mtafiti hana haki ya kuwataka watu waishi katika hatari ili yeye apate mfano wa urithi. Barabara na reli pia ni mahitaji ya wakazi haohao. Hoja ya makala hii ni finyu zaidi. Jengo kubwa linapoondolewa au kuharibika, michoro yake hubaki. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, wahandisi na wanahistoria walikuwa na kumbukumbu za kurejea. Nyumba ya vyumba sita inapobomolewa, kinachobaki katika majalada ni jedwali la uthamini: ukubwa wa kiwanja, aina ya ukuta, aina ya paa na thamani kwa shilingi. Jedwali hilo linatosha kwa fidia. Haliwezi kumweleza msomaji wa kesho kwa nini baraza lilikuwa na kimo kile, nani aliongeza chumba cha nne, wala chumba kilichotazama uani kilikuwa cha nani.

8.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba kutoonekana kwa Vingunguti katika historia ya usanifu majengo wa Dar es Salaam kumetokana na mambo matatu yanayotiana nguvu: sheria yenye mpaka wa umri unaouacha nje karibu mji mzima, desturi ya kitaaluma inayoanza na jina la msanifu, na lugha ya mipango miji inayoyaona makazi ya wananchi kama upungufu pekee. Imeonesha pia kwamba nyumba ya Kiswahili ina kanuni iliyodumu kutoka viwanja vya Kariakoo hadi mashamba yaliyokatwa ya Vingunguti, na kwamba Shirika la Nyumba la Taifa liliifuata kanuni hiyo lilipotaka kuwajengea wananchi.

Hatua inayopendekezwa ni ndogo na inawezekana. Kila uthamini unaotangulia ubomoaji uambatane na upimaji wa kihistoria wa nyumba chache za mfano: ramani ya nyumba, picha za kila upande, orodha ya vifaa, mfuatano wa hatua za ujenzi, na masimulizi ya mwenye nyumba na ya fundi, yakihifadhiwa kwa ridhaa yao. Wanafunzi wa usanifu majengo na wa historia wanaweza kuifanya kazi hiyo kwa pamoja, na vyuo vikuu vikawa na hifadhi ya nyumba kama vilivyo na hifadhi ya tenzi.

Stesheni ya TAZARA na Jengo la Pili la Abiria yataendelea kusomwa, na ni haki yasomwe. Lakini zege la majengo hayo mawili lilimwagwa na vibarua waliokuwa na mahali pa kurudi jioni. Historia inayoeleza mahali walipofanya kazi bila kueleza mahali walipolala, na namna mahali hapo palivyojengwa, bado ina deni.